Dereva Anasema Taa Haikuwaka

3 Machi

Mwanangu Spana,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua tangu uende huko kwenye kambi ya ujenzi wa barabara mimi ni mtu wa kusalimiwa tu mwishoni mwa barua za mama yako. Huku ni wazima. Mama yako anakohoa kidogo, anasema ni vumbi la vitambaa anavyoshona. Ningekupigia simu kama huko kungekuwa na mtandao, lakini hata hivyo nyumba hii haina siri. Ukinong'ona sebuleni, jikoni wanacheka.

Nina swali la ufundi. Si langu. Ni la rafiki yangu mmoja, fundi mwenzangu wa siku nyingi, wewe humjui. Ana gari la mteja, la petroli, silinda nne. Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, kama mtu anayekukonyeza. Mwanzoni ilikuwa ni kwenye mlima tu, sasa hata tambarare. Injini inatetemeka na haina nguvu. Rafiki yangu amebadilisha plagi zote, amesafisha nozeli, ameweka chujio jipya la mafuta. Akichomoa waya wa betri na kuurudisha, taa inanyamaza, mteja anashukuru na kuondoka, halafu baada ya muda si mrefu hao, wamerudi.

Sasa anaona haya. Ni mtu mzima, ana heshima yake mtaani. Kwenda kuwauliza wale vijana wa barabara kuu wenye mashine za kupimia hawezi. Watamwimba.

Wewe umeyasomea haya magari ya kompyuta. Afanye nini? Na je, gari linaweza kuendelea kutembea hivyo hivyo wakati anatafuta? Mteja hana gari jingine na kazi yake haisubiri.

Ukijibu, bahasha uiandike kwa jina langu, si la mama yako.

Baba yako


12 Machi

Baba, shikamoo.

Dereva wa lori la mahitaji aliponipa bahasha yenye mwandiko wako nilijua kuna msiba. Niliifungua nimesimama. Nilipofika kwenye nozeli nikacheka mpaka mpishi wa kambi akauliza kama nimeposwa.

Tuje kwa huyo rafiki yako. Kwanza, gari lisitembee. Mwambie hivyo hivyo: lisitembee. Taa ya injini ikiwaka ikatulia, gari linasema, "Nina neno, tukipata nafasi tuongee." Ikiwa inawaka na kuzimika, gari linapiga mayowe. Kuna silinda haichomi. Petroli inaingia humo, haiungui, inatoka mbichi hadi kwenye ekzosi, na huko inakutana na lile chujio la moshi chini ya sakafu. Inaunguzwa humo. Chuma kinakuwa chekundu kama jiko. Juu yake kuna sakafu, juu ya sakafu kuna kapeti, juu ya kapeti kuna miguu ya watu.

Pili, aache kubadilisha vitu kama mtu anayejaribu funguo gizani. Injini ikiwa inanguruma hapo hapo gerejini, achomoe waya wa koili moja, ile inayoipa plagi moto, asikilize, aurudishe, aende ya pili. Akichomoa na injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ni nzima. Akichomoa na injini isijali, huyo ndiye mgonjwa. Koili ya mgonjwa aihamishie kwa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, koili imekufa. Ukibaki palepale, aangalie plagi, nozeli, halafu mgandamizo. Ni kazi ya asubuhi moja, hata bila mashine.

Lakini Baba, huyu mtu ni fundi kweli? Kuchomoa betri ili taa inyamaze ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo ukasema amepona. Na wapo wabaya zaidi yake. Nilifanya kazi na mmoja, alikuwa anafungua dashibodi anatoa balbu yenyewe. Mtu wa namna hiyo si fundi, ni muuaji aliyevaa ovaroli. Sisemi rafiki yako amefika huko. Ila mwambie mficha uchi hazai. Aende kwa hao vijana, wamwimbe, wimbo utaisha.

Bahati yake ana rafiki kama wewe. Wewe ungemwambia mteja ukweli siku ya kwanza.

Mpe mama pole ya kikohozi.

Mwanao,
Spana


20 Machi

Mwanangu,

Barua imefika. Nimempa rafiki yangu maneno yako, isipokuwa lile neno la muuaji. Hilo nililiruka. Ni mtu mzima.

Usihangaike tena na jambo hili. Gari lilikuwa limeshatoka kabla barua haijafika, na taa haiwaki tena.

Mvua imeng'oa bati moja la gereji upande wa benchi la kazi. Nimelirudisha mwenyewe. Mama yako anakusalimu.

Baba yako


6 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Mimi ni mama yako. Sikutaka kukutia wasiwasi ukiwa mbali, lakini nimeona nikinyamaza nitapasuka.

Baba yako haumwi, lakini si mzima. Gereji ameifunga. Asubuhi anavaa ovaroli, anakaa nalo kitandani, jioni analivua safi kama alivyolivaa. Chakula anakichokoachokoa tu. Nimemwambia twende zahanati akapimwe, akanikatalia kwa ukali ambao sijauona tangu tuoane. "Zahanati siendi!" Mtu mzima, ananifokea kama mimi ndiye niliyeleta malaria duniani.

Nadhani ni lile tukio ndilo lililomgusa. Sijui kama habari zimewafikia. Gari la zahanati lilishika moto barabarani. Mkunga alikuwa ndani na mwanamke mwenye uchungu, wanampeleka hospitali kubwa. Dereva, yule mrefu aliyekuwa anakupakia kwenye baiskeli yake ukichelewa shule, anasema alisikia harufu ya kapeti, kabla hajapata pa kuegesha moshi ukawa umejaa miguuni. Wakamtoa yule mama na kumlaza nyasini. Mtoto alizaliwa hapohapo, Mungu mkubwa, wote wawili wapo, ila Mkunga alirudi ndani kuchukua mkoba wa vifaa na mkono wake wa kulia umeungua vibaya. Mkono ule unaopokea watoto wa watu. Bado umefungwa.

Sasa lawama zimemwangukia Dereva. Wanasema gari halifiki kuungua bila taa kuonya, kwa hiyo aliiona akaipuuza. Yeye anaapa taa haikuwaka. Kamati ya zahanati ikamwita baba yako, maana yeye ndiye fundi wa gari lile miaka yote, aseme. Akasema gari likitoka kwake taa zake zinakuwa nzima. Basi, wamemsimamisha Dereva kazi. Watoto mtaani wanamtania, akipita wanasema, "Taa haikuwaka!" wanakimbia.

Baba yako alirudi kutoka kwenye kamati hiyo akalala na viatu.

Labda wewe ukimwandikia atasikia. Wewe ndiye unayejua lugha yake.

Mama yako


14 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nyingi na karatasi zake nimezitupa.

Mama ameniandikia. Mwanzoni niliisoma kama habari ya gari la watu. Nilipofika mahali Dereva anapoapa kwamba taa haikuwaka, nilikaa chini. Nilikuwa karakana, nikakaa juu ya tairi, msimamizi akanipita akidhani naumwa.

Rafiki yako ni wewe.

Naandika nikiwa na aibu, na si yako peke yake. Kile nilichokiandika kuhusu muuaji, niliandika nikicheka. Nilikuwa najionyesha. Nilikuwa nataka uone binti yako amejua mambo. Kama ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini baba yangu, ambaye hajawahi kuniandikia, aandike kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Ulikuwa umenyoosha mkono na mimi nikaupiga kofi.

Lakini Baba, Dereva. Yule mtu alikuwa ananifunga koti lake nisilowe. Anasema kweli, na mtu wa pekee anayejua kwamba anasema kweli ni wewe. Na mimi sasa.

Mama sijamwambia. Kamati sitaiandikia. Si kwamba nakufichia. Naona neno hili likitoka kwangu litamrudishia Dereva kazi, lakini wewe litakuacha hapo kitandani na ovaroli lako. Ukitaka nije, nitaomba ruhusa. Nitatembea na wewe hadi mlangoni kwake. Ila sitakusemea.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao


22 Aprili

Mwanangu,

Sikutukani. Nimesoma, nikakunja, nikasoma tena.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana ukiijua nusu utajaza mwenyewe nusu nyingine, na wewe unanipenda, utaijaza vizuri kuliko ilivyo.

Mkunga alikuja gerejini na gari likitetemeka kwa mara nyingine tena. Kulikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Akaniambia mbele yao, "Fundi, wananishauri niwapelekee wale vijana. Nimekataa. Nakuamini wewe." Angenitukana ningeshukuru. Angenitukana ningesema, "Mama, sijui ugonjwa wa gari hili." Lakini aliniamini kwa sauti, watu wakasikia, na mimi nikashindwa kulirudisha neno lake. Nikasema, "Niachie hadi jioni." Jioni nilikuwa nimefungua dashibodi nimetoa balbu. Nilijiambia ni kwa muda tu, jibu lako likifika nitairudisha na kuliponya gari, na hakuna atakayejua.

Jibu lako likafika. Nililisoma chooni, mlango nimeufunga kwa ndani. Nilikisikia kicheko chako, lakini si kicheko kilichonimaliza. Ni lile la mwisho, kwamba mimi ningemwambia mteja ukweli siku ya kwanza.

Nilitoka mbio hadi zahanati. Gari lilikuwa safarini. Kesho yake nikaenda tena, nikamkuta Dereva analiosha, anapiga mluzi. Akaniambia, "Mzee, umeiweza! Siku hizi taa imetulia kabisa, ni kutetemeka tu kidogo." Spana, nilikuwa na maneno mdomoni. Nilikuwa nayo hapa. Nikacheka naye. Nikampiga bega, nikamwambia alilete wiki ijayo tulimalizie kutetemeka. Halafu nikarudi nyumbani nikakuandikia kwamba taa haiwaki tena. Hilo halikuwa uongo, unaona? Nimekuwa fundi wa maneno ya namna hiyo. Hata kwenye kamati nilisema gari likitoka kwangu taa zake zinakuwa nzima. Sikusema gari hili.

Dereva alikuwa amekaa mbele yangu. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri umalizie sentensi.

Usije. Ukija nitajificha nyuma yako.

Baba yako


9 Mei

Mwanangu,

Mama yako anajua. Nilianza na yeye kwa sababu nilifikiri ndiye mwepesi. Alisimamisha cherehani, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe muda wote huu nakuchemshia supu ya mgonjwa." Akaendelea kushona. Siku zote zilizofuata alikuwa ananiwekea chakula mezani na kutoka nje. Sasa ameanza kukaa, ingawa haongei sana.

Kwa Dereva nilikwenda Jumapili asubuhi. Nilikuwa na balbu ile kwenye kitambaa. Mke wake ndiye aliyefungua, akafurahi kuniona, akadhani nimekuja kumtetea mumewe. Akafuta kiti kwa kanga. Nikakaa kwenye kiti kilichofutwa.

Dereva akatoka ndani. Nikakifungua kitambaa juu ya meza.

"Hii nini, Mzee?"

"Balbu ya taa ya injini. Niliitoa mimi. Ulisema kweli, taa haikuwaka, isingeweza kuwaka."

Mke wake alikuwa ameshika birika, akalirudisha jikoni bila kumimina. Nilidhani Dereva atanipiga, na nilikuwa nimejiandaa, hata miwani niliivua.

Akasema, "Mke wangu aliniuliza kama nilisinzia. Yeye, mke wangu. Nikasema hapana. Mkunga akaniuliza, nikasema hapana. Lakini watu wakirudia sana, Mzee, na wewe unaanza. Nimekuwa nikilala nalitazama lile gari akilini, natafuta taa. Wiki iliyopita nilianza kuiona. Nilikuwa nimeshaanza kuiona inawaka. Ungechelewa kidogo ningekwenda kuwaambia ni kweli, nilipuuza." Akanisogezea balbu. "Umenifanya nisiyaamini macho yangu mwenyewe. Hilo sijui utalirudishaje."

Niliomba msamaha. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Alivaa shati la kutokea, akasema, "Twende kwa Mkunga. Utasema hivyo hivyo, na mimi nikiwepo."

Kwa Mkunga nilisema hivyo hivyo. Mkono wake bado una bandeji, anajifunza kuandika kwa wa kushoto. Alisikiliza, halafu akaniuliza jambo moja tu: "Ungeniambia hujui, ulifikiri ningefanya nini?" Nikamwambia nilifikiri angekwenda kwa wengine. Akasema, "Ndiyo, ningekwenda kwa wengine. Ungepoteza gari moja." Aliitisha kamati jioni ileile. Nikasimama, nikasema. Kati yao wapo niliowatengenezea magari tangu wanaoa. Mmoja alitazama sakafu hadi nilipomaliza. Dereva amerudishwa kazini na barua yake ya kusimamishwa ikachanwa mbele ya watu. Mimi nimeondolewa, gari sasa ni la vijana wa barabara kuu. Ni haki.

Lakini kabla ya kulipeleka kwao Dereva alilivuta hadi gerejini kwangu. Moto uliishia sakafuni; sakafu imebadilishwa kwa mchomeleaji na lile chujio la moshi ni jipya. Akasema, "Kabla hawajaligusa, nataka nione kilichotaka kuniua. Fungua."

Nikarudisha balbu kwanza. Tukawasha. Taa ikaanza kukonyeza palepale, na yeye akaitazama, mikono kwenye usukani, kama mtu anayemtambua ndugu aliyepotea. Halafu nikafuata maneno yako. Koili ya kwanza nikaichomoa, injini ikayumba. Ya pili ikayumba. Ya tatu nikaichomoa, injini haikujali kabisa. Nikaihamishia kwenye silinda ya nne, na ugonjwa ukahama nayo. Kishimo cha silinda ya tatu kilikuwa kimejaa oili, inavuja kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, imeula ule mpira wa koili hadi ukapasuka. Nilishabadilisha plagi za gari lile kwa mikono yangu, oili nikaiona, nikaipangusa. Koili mpya, gasketi mpya, injini ikatulia kama maji mtungini. Kazi ya asubuhi moja, kama ulivyosema. Nikaenda nyuma ya gereji nikalia. Dereva alinisikia. Hakunifuata.

Nimefungua gereji tena. Wateja wachache wanakuja, baadhi wanakuja kunitazama tu. Nimewaendea wale vijana wa barabara kuu nikawaomba wanifundishe mashine yao. Ndiyo, waliimba. Mmoja ananiita Mzee Balbu. Jumamosi ninakaa kwenye ndoo pembeni yao najifunza kusoma namba, na mkubwa wao ana umri wako.

Jambo jingine sijui nilielezeje. Kila asubuhi, kabla ya safari ya kwanza, Dereva anapita hapa na gari la zahanati. Si lazima apite, njia yake si hii. Anasimama mlangoni, anashuka, hanisalimii. Ananiashiria nikae kwenye kiti chake. Ninakaa. Ninazungusha ufunguo nusu, kabla injini haijawaka, maana hapo ndipo taa zote za dashibodi hutakiwa kuwaka zenyewe kuonyesha kwamba zipo hai. Yeye anasimama dirishani na kuuliza.

"Ya betri?"

"Ipo."

"Ya oili?"

"Ipo."

"Ya injini?"

Hapo huinama niitazame kwanza, kila siku, na yeye hunisubiri. Wapita njia wanasikia. Wanafunzi wanaokwenda shule wanasikia.

"Ipo," nasema.

Ninashuka, anapanda, anaondoka. Leo amechelewa kidogo, na nilikuwa nimeshatoka kumtazamia barabarani.

Baba yako